Taa ya Kumi na Sita

1

Mangi alikata kauli kwa mara ya nne asubuhi hiyo, na watu waliojazana mlangoni mwa ofisi ya maji ya Vumbwe wakampigia makofi.

"Wapare, nawaambia," kompyuta ilikuwa imesema kwa sauti yake nzito ya mzee wa Marangu, "ukuta wa ndiva ya juu umesogea milimita kumi na mbili. Mwisho ni kumi. Acheni kuhesabu maharage, mka—" Hapo skrini ikageuka buluu, feni ikapiga mluzi, na mashine ikazima na kuanza kuwaka upya kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi.

"Amezidiwa," akasema mzee Kajiru, mwangalizi wa ndiva, yaani mabwawa ya kijiji, akifuta machozi ya kicheko. "Mchaga akitaja namba mbili ambazo si za hela, kichwa kinamuuma."

Alisema hivyo akimtazama Aikaeli kwa makusudi. Aikaeli alikuwa fundi wa kike, na alikuwa Mchaga, kwa hiyo tangu alipotua mkoba wake wa vyuma pale ofisini alikuwa ametukanwa na kila aliyepita. Naye hakukubali kushindwa. Alishawaambia kwamba wangemwita mwezi mzima uliopita kama nauli yake isingetoka mifukoni mwao.

Utani huo ndio uliokuwa siri ya mashine za siku hizo. Tangu zilipokabidhiwa kugawa maji, mashamba na vitanda vya hospitali, serikali ilijifunza kwa taabu kwamba watu hawakubali uamuzi wa kitu wasichoweza kukitukana. Basi ikaamriwa kila mashine ya kuamua ilelewe kama mtani wa watu inaowatumikia, iwaseme usoni bila mtu kuweka kinyongo, nao waiseme. Tena iwe kompyuta ya mezani ya mtindo wa zamani, yenye kasha linalofunguka kwa bisibisi mbele ya watu wote, ili ijulikane hakuna mkono uliofichwa ndani. Hapa milimani Upare ikaletwa mashine yenye malezi ya Kichaga, wakaiita Mangi. Mmoja wa waliomlea alikuwa Aikaeli. Alikaa mwaka mzima katika chumba kimoja mjini Moshi akimsimulia matusi ya shangazi zake, na mpaka leo Mangi akimsema Mpare, nusu ya maneno yalikuwa ya Aikaeli.

Alijivunia kazi hiyo kuliko zote alizowahi kufanya. Na alikuwa na sababu nyingine ya kupenda kupanda Vumbwe. Siku mke wa Kajiru alipozikwa, Aikaeli aliruka kaburini, akalala chali, akadai mbuzi, la sivyo hazikwi mtu hapa. Kajiru, ambaye alikuwa amekaa kama gogo tangu msiba uanze, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kama mtu anavyotakiwa kulia. Toka siku ile hawakuwahi kusalimiana kwa adabu hata mara moja.

Sasa Aikaeli akamvuta mzee pembeni, akamuuliza kama Mangi amekuwa akitaja namba za ajabu siku za karibuni.

Kajiru akasema mwezi huu Mangi yuko katika ubora wake. Alimtangazia yeye Kajiru hadharani kwamba ana mbuzi wawili, ilhali mbuzi wake ni kumi na wanane. Alimwambia mwalimu mkuu kuwa shule ina madawati kumi na matatu, ilhali yapo ishirini na tisa. Mama Nakijwa ndiye aliyepatikana kabisa: zamu yake ya maji ni dakika kumi na sita, Mangi akasema hana hata moja, kisha kweli akamruka. Mama Nakijwa alicheka na wenzake, akangoja mtani achoke mwenyewe arudi kwenye akili. Alingoja mpaka maharage yakanyauka.

"Na hukuniita?"

"Nikuite kwa sababu Mchaga anatania?"

"Mzee, nilimfundisha matusi," akasema. "Sikumfundisha kutania maji."

Akatoka nje kutazama. Ndiva ya juu ilikuwa imejaa hadi ukingoni, imetulia chini ya ukungu. Hayo ndiyo yalikuwa maji yote ya Vumbwe mpaka mvua za vuli. Kuyafungulia leo kulikuwa sawa na kumwaga chakula cha kijiji kizima korongoni. Chini ya ukuta, karibu kabisa, ilikuwa shule ya msingi, na watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha la saba kwa sauti moja. Kajiru alikuwa ameupita ukuta ule kwa miguu asubuhi hiyo na hakuona kitu. Lakini ukuta wa udongo na mawe huanza kuoza tumboni, na vipimo vilivyofukiwa humo ndani viliongea na Mangi peke yake. King'ora nacho kilikuwa cha Mangi. Kingelia tu baada ya kupata namba tatu mbaya mfululizo, na Mangi hakuwa akifika ya pili kabla ya kuanguka.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo matatu. Ama Mangi alitania, ama aliumwa, ama alisema kweli. Aikaeli alirudi ndani karibu akikimbia.

2

Akachomoa waya wa umeme, akalitoa blanketi zito lililokuwa juu ya kasha, akagusa chuma ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu, akafungua. Watu wakasogea. Mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha manjano kichwani, alijipenyeza mpaka mbele akasema yeye ndiye mwenye maharage, apishwe. Huyo ndiye Mama Nakijwa.

Kompyuta inayozimika ovyo ina magonjwa machache yanayojulikana, na Aikaeli aliyafuata moja moja. Umeme ulikuwa sawa. Diski ilikuwa nzima. Ikabaki kumbukumbu, yaani ramu, vile vijiti vinne vyembamba vilivyosimama wima ubavuni mwa mazabodi, bao kuu la mashine. Mama Nakijwa akataka aelezwe, kwa sababu kama kuna kitu kimekula maharage yake alitaka kukijua kwa sura.

Aikaeli akamweleza huku vidole vikifanya kazi. Kila kijiti ni mtaa wenye vyumba visivyohesabika, na kila chumba kina safu ya taa. Taa ya kwanza ni moja, inayofuata ni mbili, kisha nne, nane, kumi na sita, na kuendelea. Ukitaka kuweka kumi na mbili unawasha ya nane na ya nne, basi. Ukirudi unatazama zilizowaka, unajumlisha. Akili yote ya Mangi ni taa za kuwaka na kuzima, mabilioni kwa mabilioni. Taa moja ikigoma, anasema upuuzi bila kujua. Na upuuzi huo ukiangukia mahali anapoweka hatua zake mwenyewe, anaanguka.

Njia ya kumpata mkorofi ilikuwa kuvitoa vyote, kurudisha kimoja, na kuendesha programu inayowasha taa zote za kijiti hicho na kuzisoma, kisha inazizima zote na kuzisoma tena. Kijiti cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Watu wakaanza kuweka dau la ndizi. Cha tatu kikapita, na kwa cha nne ofisi nzima ilishika pumzi, hata Kajiru aliyekuwa akijifanya hajali. Kikapita nacho, safi kabisa.

Aikaeli akasimama mikono kiunoni. Haiwezekani, alijiambia. Akaweka kiganja juu ya kasha na kulikuta baridi kama jiwe la mtoni. Ndipo akaligeukia lile blanketi.

Aliuliza ni tangu lini Mangi anafunikwa. Kajiru akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba ni yeye anayemfunika tangu ukungu ulipoanza. Mgeni haachwi apigwe baridi, hata akiwa Mchaga.

Aikaeli akataka kumbusu na kumkaba koo kwa wakati mmoja. Mashine ilikuwa ikipikwa ndani ya ukarimu. Alikuwa ameipima ikiwa imevuliwa, imepoa, na mgonjwa wa joto ukimpima kwenye baridi hana homa. Akalirudisha blanketi juu ya kasha, akabana pembe zote, akaanza upya. Alikuwa anatabasamu bila kujizuia. Alikuwa anaipenda kazi hii hasa mahali hapa, mgonjwa anapokaribia kusema pake panapouma.

Kijiti cha tatu. Asilimia kumi, ishirini, sitini. Mstari mwekundu.

Chumba kimoja tu katika mtaa wote, na taa moja tu ndani yake. Ikiambiwa izime, inazima. Ikiambiwa iwake, inasomeka imezima. Aikaeli akairudia mara kadhaa na jibu halikubadilika: haikuwaka hata mara moja. Akatafuta taa hiyo hubeba namba ipi. Ilikuwa ile ya kumi na sita.

Akacheka mpaka akajipiga paja. Kumi na nane ukiinyang'anya kumi na sita, unabaki na mbuzi wawili. Ishirini na tisa inakuwa kumi na tatu. Kumi na sita zenyewe zinakuwa kapa. Kila namba iliyojaaliwa kulala katika chumba kile iliamka imeibiwa kumi na sita, wala hakuna iliyoamka imeongezewa. Mama Nakijwa akakiomba kile kijiti, akakiangalia pande zote, akakirudisha akisema hakina hata haya usoni.

Aikaeli akaliondoa blanketi, akangoja kasha lipoe, akapima tena. Mstari mwekundu ulikuwa palepale. Jaribio lake lilikuwa limemalizia kazi. Taa iliyokuwa ikiumwa kwenye joto sasa ilikuwa imekufa moja kwa moja.

3

Kijiti kipya kilikuwa Same, na ndege ya mizigo hairuki katika ukungu. Watu wa Same wakajibu labda kesho. Mangi hakuenea katika vijiti vitatu. Aikaeli akafanya lililobaki. Akakihamishia kijiti kibovu kwenye tundu la mwisho, ambako mashine huweka vitu vyake vya baadaye, akamwasha, akamwomba namba ya ukuta tu, asiseme kingine.

Mangi akaamka taratibu. Safari hii alijikaza. "Ukuta wa ndiva ya juu," akasema, "umesogea milimita tano." Kisha akaanguka, na hakuwaka tena hata alipobonyezwa kwa muda mrefu.

Furaha iliyolipuka pale ofisini ilitoka hadi barabarani. Tano! Nusu ya mwisho! Mtu akaanza wimbo, Kajiru akamshika Aikaeli mabega akamwambia kwamba kwa mara ya kwanza Uchaga umefaa kitu. Naye Aikaeli alicheka nao, karibu aimbe, mpaka kichwa chake kilipofanya hesabu bila kuombwa.

Asubuhi kumi na mbili. Sasa tano. Lakini ukuta wa udongo haurudi nyuma.

Tano, na kumi na sita iliyoibwa: ishirini na moja.

Ile kumi na mbili ya asubuhi haikuweza kuwa ishirini na nane iliyoibwa, maana ukuta usingerudi kutoka huko hadi ishirini na moja, kwa hiyo ilikuwa kweli. Tangu hapo ukuta ulikuwa umeendelea kusogea, ukavuka kumi na sita, na kwa kuvuka huko namba ikaonekana imeshuka. Kadiri hatari ilivyozidi ndivyo Mangi alivyotangaza amani.

"Mzee Kajiru, fungua lango," akasema. "Fungua sasa hivi, na watoto watolewe shuleni."

Kajiru akamtazama, kisha akawatazama watu. "Mnamsikia? Tumwage maji, kesho aje atuuzie ya chupa."

Walicheka vibaya sana. Akaeleza kuhusu taa, wakacheka. Akapandisha sauti, wakazidi, kwa sababu mtani anayepandisha sauti ndiye mtani hodari. Mama Nakijwa, aliyekiangalia kile kijiti cha wizi kwa mikono yake mwenyewe, naye alikuwa amejishika mbavu. Aikaeli akaona waziwazi jinsi mwanamke huyu alivyocheka mpaka maharage yakakauka.

Pembeni mwa meza ulikuwa umelala waya wa mota ya lango. Kwa mashine ndogo aliyokuwa nayo mkobani, amri moja ingetosha. Aliuokota ule waya. Mkataba wa Vumbwe na mashine ulikuwa mfupi: Mangi anasema, mkono wa mwangalizi ndio unaofungua. Lakini jedwali la saba lilikuwa limeisha, na sasa watoto walikuwa katika la nane.

Alifikiria haraka na kwa hasira. Akikosea, nyumba zote hizi zingelala njaa kwa mkono wa mtu asiyekula nazo. Akipatia, bado angekuwa amewaibia maji yao, na tangu siku hiyo hakuna kijiji ambacho kingemruhusu fundi kukaa peke yake na mashine. Tena nani angewatoa watoto, kama hakuna anayeamini? Maji hayakuwa yake. Haki yao ilikuwa waambiwe kwa namna wanayoweza kusikia, na yeye alijua namna moja tu.

Tangu mashine zigeuzwe watani, watu walihitaji njia ya kujua ni lini mtani hatanii. Ikazuka desturi ya kuuvua utani. Ni jambo dogo kulitenda: unamwamkia mtani wako mbele za watu, kama unavyomwamkia mkubwa yeyote. Akiitika, umesikika, na utani wenu umekwisha, haurudi. Mashine haikupewa uwezo huo, kwa kuwa mashine haina cha kupoteza. Aikaeli alimjua mtu mmoja tu aliyewahi kufanya hivyo, na mtu huyo siku hizi akifika kijijini kwao huletewa soda na kuulizwa habari za barabara.

Akauweka waya chini. Akavua viatu, hakujua kwa nini, akasimama mbele ya Kajiru.

"Shikamoo, mzee Kajiru."

Kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma. "Usifanye hivyo, binti," Kajiru akasema taratibu.

"Shikamoo, mzee. Mbele ya hawa nimeuvua utani kati yangu na Vumbwe."

Macho ya Kajiru yalikwenda mlangoni, kwenye maji, yakarudi kwake, na Aikaeli akaona anamwomba aseme ni mzaha. Yeye akamwangalia tu, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba," akasema mzee. "Sema, mwanangu."

Akasema yote kwa maneno machache, na safari hii hakuna aliyekohoa. Kajiru akamuuliza kama ana hakika.

"Ya taa nina hakika. Ukuta sijauona."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akachukua ufunguo wa lango. Mama Nakijwa alikuwa ameshatoka, anateremka kwenda shuleni mbio, kitambaa cha manjano kikiachwa njiani.

4

Lango lilifunguliwa kwa mikono ya wanaume watatu, na maji ya Vumbwe yakaanza kwenda korongoni kwa ngurumo iliyowafanya watu waongee kwa ishara. Watoto walipanda mlima wakiwa wameshikana mikono, wakishangilia kufutwa kwa somo la hesabu. Hakuna mtu mzima aliyeshangilia. Wengine walisimama ukingoni wakiangalia mahindi na maharage yao yakipita, na Aikaeli alisimama nao, akiomba ukuta upasuke na akijichukia kwa kuomba.

Ndiva ilikuwa imeshuka chini ya nusu ukuta ulipojikunja. Haukutoa mlio mkubwa. Kipande kikubwa cha katikati kiliteremka kama mtu anayekaa, na maji yaliyobaki yakapita juu yake hadi uwanjani mwa shule, yakaingia madarasani, yakatoka na madawati yote ishirini na tisa. Hayakumkuta mtu.

Ndipo mlima ulipopiga kelele. Mama Nakijwa alikuwa anawahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa, na kila alipomaliza alianza tena, akicheka na kulia. Wanaume walikumbatiana kwenye matope. Aikaeli alijikuta anaruka, hana viatu, anapiga mayowe ya furaha kama mwendawazimu, na alipomwona Kajiru anakuja alimpanulia mikono.

Kajiru akaishika mikono hiyo kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. "Asante sana, fundi," akasema. "Mungu akuzidishie."

Kesho yake ukungu ulifunguka, na ndege ndogo ikateremsha kijiti kipya katika boksi lililoandikwa jina lake. Kijiji kizima kilikuwa kwenye ofisi ya maji tena, wengine na majembe, maana kazi ya kuujenga upya ukuta kabla ya vuli ilikuwa imeshaanza na vijiji jirani vilikuwa vimeahidi mahindi. Aikaeli akachomeka kijiti, kikalia tiki, akapima mara mbili, akamwasha Mangi.

Mashine ikapitia vipimo vyote vya mlima kimyakimya. Kisha ile sauti nzito ikasema, "Yaani Wapare mmemwaga kitu bure, bila hata kukipeleka mahakamani kwanza? Nilizima kidogo tu, mmeshakuwa wakarimu. Nani kawaroga?"

Ofisi ikaangua kicheko, kicheko cha watu ambao hawakuwa wamecheka tangu jana. Kajiru akamjibu, Mangi akarudisha, Mama Nakijwa akaingilia, na mzaha ukapaa. Aikaeli aliyatambua maneno. Hilo la mahakama alilitoa kwa shangazi yake Ndeshi, akamfundisha Mangi yeye mwenyewe, kule Moshi, siku moja ya mvua. Jibu lake likamjia ulimini, tamu, tayari kabisa, na watu wakamwona, wakampisha kwa heshima, wakanyamaza ili fundi aseme.

Akalimeza. Kajiru akaleta kiti, akakifuta vumbi kwa kofia yake, akakiweka mahali pa wageni.

"Karibu ukae, fundi," akasema.

Aikaeli akasema asante, akakaa.